Pandu Mcha na Viini Vinavyovunjika Kabla ya Kuguswa

Pandu Mcha alirudi Unguja mwezi wa Februari mwaka 1970 akiwa amevaa koti la sufu. Jua la Februari kila mtu analijua. Alishuka nalo kwenye ndege, akapanda nalo gari, akafika nalo kwao Jang'ombe, akakaa nalo barazani huku jasho likimtiririka mpaka kidevuni, ili majirani wapate kuliona. Mama yake alipomwambia alivue, akajibu kwamba Ujerumani watu wa sayansi hawavui makoti mbele ya wageni. Sijui wageni aliokuwa akiwakusudia ni akina nani. Alizaliwa mlango wa pili kutoka pale.

Nnamjua vizuri kuliko ninavyopenda. Alimuoa mdogo wangu Mashavu mwaka ule ule, na tulisomesha skuli moja, mimi hesabu na yeye fizikia. Haya sikuhadithiwa.

Aliondoka mwisho wa mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, wakati Wajerumani wa Mashariki walipokuwa wakichukua vijana wetu kwa makundi. Wengi walikwenda kujifunza ufundi, uuguzi, uchapaji. Pandu alikuwa na akili ya hesabu, hilo simnyimi, kwa hivyo wakampeleka kwenye fizikia. Alisoma lugha mwaka mmoja, kisha akaingia chuo huko Dresden, na mwisho wakamtia katika kituo kimoja nje ya mji, msituni, kwenye mashine kubwa kama nyumba ambayo kazi yake ni kuzungusha chembe ndogo sana mpaka zishike kasi, halafu kuzirusha zigonge kitu.

Watu wetu walisikia neno moja tu katika hayo yote, nalo ni atomu. Wiki ya kwanza habari ilikuwa imeshafika mpaka Darajani kwamba mtoto wa Mcha amevunja atomu. Mzee mmoja, mtu mzima aliyekwenda Hija, alimuuliza mbele yangu kama lile bomu amekuja nalo au litafuata kwa meli. Mtu mwenye haya angejibu. Pandu alitabasamu, akatazama chini na kunyoosha mkono wa koti lake, na yule mzee akaondoka akiwa na hakika kwamba ameelewa.

Mimi sikutaka tabasamu. Siku moja alipokuja kwetu kwa mambo ya posa nikamkalisha uani, nikampa kahawa, nikamuuliza.

"Shemeji, hiyo atomu uliyoivunja ni ya nini?"

"Si atomu," alisema. "Ni kiini chake, kile cha katikati."

"Kiini cha nini?"

"Cha haidrojeni nzito."

Nikamwambia anieleze, na nnakiri kwamba alieleza vizuri. Haidrojeni ya kawaida ina kiini cha chembe moja, inaitwa protoni, nayo ina chaji ya umeme. Haidrojeni nzito ina chembe mbili kiinini: protoni, na mwenziwe nyutroni asiye na chaji. Hao wawili wameshikana, lakini kushikana kwao ni kwa kulegea. Ukitaka kung'oa chembe moja katika kiini cha chuma, unahitaji nguvu mara nne au zaidi ya ile inayotosha kuwatenganisha wale wawili. Muda mwingi wako mbali mmoja na mwenziwe kiasi kwamba ukiwatazama huwezi kusema wamekamatana kwa nini.

"Kwa hivyo umekaa Ulaya miaka yote hii," nikamwambia, "ukikata mpapai."

Alicheka. Alicheka kwa moyo, na koti siku ile hakulivaa.

"Mpapai kuukata si kazi, Kidawa. Kazi ni kujua umekatikia wapi."

Akachovya kidole kwenye kahawa, akatia tone kwenye sinia. Lile tone ndicho kiini cha dhahabu, kizito, chenye chaji nyingi. Wao walikuwa wakivirusha vile viini vilegevu kwenye karatasi ya dhahabu, nyembamba hata ukiishika huisikii. Kikipita kimoja karibu na dhahabu, ile chaji ya dhahabu inaisukuma protoni kuirudisha nyuma. Nyutroni haisukumwi, maana haina chaji. Mmoja anazuiwa, mwenziwe anaendelea na safari. Kwa kuwa wameshikana kwa kulegea, wanaachana.

"Bila ya kuigonga dhahabu?" nikauliza.

"Bila ya kuigusa. Hapo ndipo tulipogombana na Profesa wangu. Yeye anasema vingi vinavunjika vikishafika ukingoni, vikagusana na dhahabu. Mimi nikasema vingi vinavunjika kabla, vikiwa bado viko mbali."

"Na wewe ulijuaje? Ulikuwa umepanda juu yake?"

"Nilipima protoni. Ikishaachwa peke yake, dhahabu inaisukuma iende zake. Ikiwa wameachana karibu na dhahabu, inasukumwa sana, inatoka na kasi kubwa. Ikiwa wameachana mbali, msukumo mdogo, inatoka na kasi pungufu. Zangu zilikuwa za polepole kuliko alivyotaka Profesa."

Profesa, alisema, hakukubali. Alisema huenda zile protoni na zile nyutroni si za kiini kimoja, ni chembe za huku na huku zilizofika pamoja kwa bahati. Pandu alikuwa na vyombo viwili vya kuhesabia, kimoja cha protoni na kimoja cha nyutroni, na hesabu iliandikwa pale tu vyote viwili vilipolia kwa pamoja. Basi akachelewesha kidogo sauti ya chombo kimoja, ili wale waliotoka pamoja kweli wasikutane tena na wabaki wa bahati peke yao. Akawahesabu hao, akawatoa. Kilichobaki kilikuwa kile kile. Akarudia kwa kusogeza vyombo. Kile kile. Profesa akamwambia ayaweke hayo kurasa za nyuma za kazi yake, kama mtu anavyomkaribisha mgeni kisha akamkalisha jikoni. Pandu akayaweka huko, lakini akakataa kufuta hata mstari mmoja.

Nnayaeleza kwa urefu kwa sababu mtu asidhani alikuwa mwongo tangu mwanzo. Ningekuwa na raha zaidi kama angekuwa mwongo tangu mwanzo. Mwongo wa kuzaliwa unamdharau mara moja ukamaliza. Huyu alitulazimisha tumdharau kidogo kidogo.

Alirudi na kitu kimoja cha maana ndani ya sanduku, kimezongwa soksi. Kilikuwa chombo cha kuhesabia, kama vile alivyotumia kule, zawadi ya Mjerumani mmoja aliyekuwa mwenzake kazini, jina lake Lothar. Mbele kilikuwa na kipande cha plastiki, nyepesi na safi kama maji, ambacho chembe ikipita ndani yake hutoa mwanga mdogo usioonekana kwa jicho. Nyuma ya plastiki kulikuwa na chupa ya kioo ya kuukuza ule mwanga mpaka uwe umeme. Kila kitu kilifungwa kwa utepe mweusi pasiingie hata uzi wa mwanga, na Mashavu akakishonea mfuko wa kitambaa cha buibui, mara mbili, kwa mkono wake.

Miezi ile ya mwanzo skuli ilikuwa na mwalimu. Pandu alikiunga kile chombo na spika ya redio kuukuu, akakiweka juu ya meza, na darasa zima likanyamaza kusikiliza: tak, kimya, tak tak. Aliwaambia watoto zile ni chembe zinazotoka mbinguni usiku na mchana, zinapita katika mapaa na katika vichwa vyao. Akawaweka wahesabu, kisha akafunika chombo kwa matofali, wakahesabu tena. Wasichana wangu, ambao kwangu walikuwa wakipiga miayo, wakaanza kuniuliza habari za wastani na bahati, kwa sababu Mwalim Pandu amewaambia bahati nayo ina hesabu yake.

"Ukiufungua utepe na umeme umewaka, itakuwaje?" nilimuuliza siku moja.

"Itaungua. Ile chupa imetengenezwa kuona mwanga mdogo kabisa. Ukiipa jua ni sawa na kummwagia mtu maji ya moto sikioni. Haiponi."

Aliyasema hayo mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya darasa.

Mwisho wa mwaka akaja Masoud Nahodha. Alikuwa mkubwa wa kamati ya maonyesho ya sherehe za Januari, mtu mnene, mwenye sauti ya kuzoea kipaza sauti, ambaye kabla ya hapo alisimamia bohari na kabla ya bohari sijui alisimamia nini. Hakuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe. Alikuwa mtu asiyetaka kujua, na aliye na gari.

Aliingia chumba cha walimu bila ya hodi. Pandu akasimama.

"Wewe ndiye wa atomu?"

"Naam, Mheshimiwa."

"Vizuri. Mwaka huu nataka kibanda cha sayansi. Mkoa wa Kusini wanaleta mihogo, Kaskazini wanaleta samaki. Sisi mjini tutavunja atomu. Mbele ya wananchi."

Nilikuwa nasahihisha madaftari pembeni. Nikainua kichwa, nikadhani Pandu atamwambia ukweli.

"Mheshimiwa, ile mashine ina ukubwa wa nyumba," alisema.

"Fanya ndogo."

"Na haionekani kwa macho."

"Fanya ionekane," Masoud Nahodha alisema, akatazama saa. "Wataalamu ndiyo kazi yenu. Kama huwezi, nitapata mwengine aliyesoma."

Hakukuwa na mwengine aliyesoma, na Pandu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Katika kisiwa chote cha Unguja hakukuwa na mtu wa kumuuliza swali la pili. Angeweza kusema haiwezekani, na lolote ambalo lingempata lisingekuwa kubwa. Hakuwa amegombana na serikali, hakuwa na adui, mama yake alikuwa mwanachama wa tawi la chama tangu siku za mwanzo. Sizungumzi habari za mtu aliyetishwa. Nnazungumza habari za mtu aliyeambiwa kwamba atakaa jukwaani.

"Nitajitahidi, Mheshimiwa," alisema.

Mlango ulipofungwa nikamwambia, "Shemeji, waambie ukweli. Wape ile spika wasikilize. Tak tak. Watu watapenda."

"Watanicheka. Watu wamekuja kuona atomu, mimi niwasikilizishe redio mbovu?"

"Wacha wacheke."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukutarajia kitu," alinijibu, na akaondoka. Neno hilo nimelihifadhi.

Alitengeneza mashine yake uani kwa mama yake, mapipa mawili ya mafuta yaliyokatwa katikati na kupakwa rangi ya fedha, sumaku za spika, vishikio vya redio ambavyo havikuunganishwa na kitu. Ndani akaficha taa ya kamera, ile ya kupigia picha harusini. Mashavu alikuwa na mimba ya miezi mingi wakati ule, na alikuja kwangu akiwa hakulala.

"Anataka nimvulie ule mfuko," aliniambia.

"Mfuko gani?"

"Nilioushonea chombo chake. Anataka chupa ionekane. Anasema inameremeta."

Nilikwenda siku ile ile, sikusubiri. Nikamkuta amechuchumaa, ameshika wembe, utepe mweusi umeshachanwa nusu. Ile chupa kweli ilikuwa nzuri, kioo chenye ngozi ya fedha kwa ndani, kama jicho la samaki mkubwa.

"Pandu, hiyo itaungua."

"Sitawasha umeme wake."

"Apa."

Hakuapa. Alisema, "Kwani wewe ndiye unayenifundisha chombo changu?"

Siku ya maonyesho kiwanja cha Maisara kilijaa mpaka barabarani. Watu waliipita mihogo na samaki bila ya kuvitazama, wakaja kusukumana mbele ya kibanda chetu. Pandu alivaa lile koti. Alisimama mbele ya mapipa yake, na katikati ya mapipa, juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa chekundu, alikuwa ameiweka ile chupa ya kioo, uchi, juani. Masoud Nahodha akapanda jukwaani, akazungumza maneno mengi juu ya ubeberu na mengine juu ya karafuu, kisha akamgeukia.

"Mtaalamu, wananchi wanasubiri."

Pandu akazungusha kishikio kimoja, kisha cha pili. Ulitoka mlio na mvumo, maana alikuwa ametia feni ndani ya pipa. Watu wa mbele wakarudi nyuma. Akafikia swichi ya mwisho, na hapo nikaona waya. Alikuwa ameiunga na chupa. Sijui kwa nini. Hakukuwa na haja. Ile taa ya kamera ilitosha. Nadhani alitaka pawe na kitu kimoja cha kweli katika ule upuuzi, na hicho kimoja ndicho alichokiua. Akabonyeza. Taa ikapiga weupe ndani ya mapipa, watu wakaguna kwa pamoja, na mimi niliyekuwa karibu nikaona ndani ya chupa mng'aro mdogo wa buluu ukiwaka, ukasinyaa, ukazimika.

Masoud Nahodha akamwinamia. "Imevunjika?"

Pandu aliitazama ile chupa. Alikuwa ameuona ule mng'aro na aliujua maana yake. Kisha akautazama umati.

"Imevunjika, Mheshimiwa," alisema kwenye kipaza sauti.

Wakampigia makofi mpaka wakachoka. Watu waliokula muhogo mkavu asubuhi, waliopanga foleni ya mchele tangu alfajiri na wakaukosa, walipigia makofi taa ya kamera. Sikuwaonea huruma siku ile na siwaonei leo. Hata mmoja hakuuliza: ilikuwa nini, na imevunjikia wapi?

Ndani ya miezi miwili akapewa ofisi Forodhani, meza yenye kioo juu yake, gari dogo la Kijerumani, na cheo kirefu kilichoanza na Msimamizi na kumalizia na Sayansi. Darasa la fizikia likabaki bila ya mwalimu. Nilimfuata ofisini kumwambia wanafunzi wa mtihani wameachwa katikati ya kitabu.

"Nitatuma mtu," alisema.

"Utamtuma nani?"

"Mwalim Kidawa, mimi sasa naangalia picha kubwa. Picha ndogondogo kuna wenyewe."

Hakumtuma mtu. Nikalisomesha mimi lile darasa, usiku nikisoma na asubuhi nikisomesha nilichokisoma, na walifeli wengi, na waliofaulu walifaulu kwa jasho lao. Yeye alikuwa akitembelea skuli za mashamba kwa gari. Kule Kiwengwa alikaribishwa kwa pweza na ngoma. Huko nako, nimeambiwa na mwalimu wa pale, alieleza jinsi alivyoigonga atomu kwa nguvu mpaka ikapasuka vipande. Kuigonga. Mtu aliyegombana na profesa wa Kijerumani mwaka mzima akisema haikugongwa.

Mwaka 1972, katikati, alikuja Lothar. Aliletwa na kazi nyengine kabisa: kulikuwa na mashine ya eksirei ya kufungwa hospitali, naye siku hizo alikuwa akifanya kazi na watu wa mashine hizo. Alikuwa mrefu, mwekundu kwa jua, anavaa makubazi aliyoyanunua Darajani. Alikuja skuli kwetu kumtafuta Pandu, kwa kuwa anwani aliyokuwa nayo ilikuwa ya skuli. Tulizungumza Kiingereza, chake kibovu na changu cha vitabuni, tukaelewana.

"Bado anatumia chombo changu?" aliuliza.

"Twende akwambie mwenyewe," nikasema.

Njia nzima alikuwa mchangamfu. Aliniambia ana habari ya Pandu, habari nzuri, amekaa nayo tangu Dresden. Baada ya Pandu kuondoka, vijana wawili walikirudia kipimo chake kwa vyombo vizuri zaidi, wakirusha viini kwa kasi tafauti. Pandu alikuwa amesema kweli. Vingi vinavunjika mbali, kabla ya kuifikia dhahabu. Profesa mwenyewe alisimama mbele ya watu katika mkutano akasema, hii ilionwa kwanza na mwanafunzi wetu kutoka Zanzibar, na mimi ndiye niliyeikalisha kurasa za nyuma. Lothar aliposema hayo alisimama katikati ya njia, baiskeli ikamkosakosa.

"Profesa si mtu wa kusema vile," alisema. "Atafurahi sana, Pandu."

Pandu alitupokea kwa mikono miwili, akaagiza soda. Walizungumza Kijerumani kwanza, na mimi nilikaa nikitazama meza ya kioo. Nikamuona Lothar anachora kwenye karatasi, duara moja kubwa na mistari miwili inayoachana kabla ya kulifikia. Pandu anaitikia kwa kichwa. Lothar anaeleza, anachora tena, anauliza kitu. Pandu anaitikia kwa kichwa. Lothar akauliza tena, polepole. Hapo Pandu akajibu kwa neno moja, na uso wa Lothar ukabadilika. Akaanza kueleza kutoka mwanzo, kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgonjwa.

Nilikuwa nimeuona ule mchoro zamani, kwa kahawa, juu ya sinia. Ninaweza kuapa kwamba yule bwana aliyekuwa nyuma ya meza hakuujua tena.

Kisha Lothar akauliza kwa Kiingereza, ili na mimi nisikie, chombo kiko wapi.

"Kiliibiwa," Pandu alisema. "Huku kwetu, unajua, watu."

Lothar akanitazama. Mimi nikamtazama Pandu, kwa sababu nilitaka aone kwamba nnajua, na nilitaka akae nalo.

"Bahati mbaya," Lothar alisema.

"Lakini kuna jambo unaweza kunisaidia." Pandu aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulichangamka. "Lile gari langu. Breki zake hazipatikani hapa. Ukirudi kwenu, huwezi kunipatia?"

Tulitoka pale jua limeshapinda. Lothar alisimama penye kivuli cha ukuta wa Ngome. Aliniuliza kama Pandu anaumwa. Nikamwambia hapana, ana afya njema, hajapata kuwa na afya njema kama sasa. Akatoa ule mchoro mfukoni, maana Pandu alikuwa ameuacha mezani, akanipa mimi. Niliubandika ukutani darasani na nikausomesha mwaka ule, na mwaka uliofuata, bila ya kutaja jina la mtu. Watoto walipouliza nani aliyeligundua hilo, niliwaambia kijana mmoja ambaye hayuko tena.

Mashavu alirudi nyumbani kwetu na mtoto mwaka 1973. Hakukuwa na kipigo wala mwanamke mwengine. Nilimuuliza sababu, akaniambia, "Nimechoka kumsikia akizungumza na watu barazani. Kila siku ile atomu inakuwa ngumu zaidi kuvunjika." Pandu alikuja kumuombea msamaha mbele ya baba, kwa maneno mazuri, na baba alikaribia kulainika. Mashavu alikataa kutoka chumbani.

Baadaye kidogo ile ofisi ilifutwa. Masoud Nahodha alihamishiwa kwenye jambo jengine, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba kulikuwa na cheo kinachoanza na Msimamizi na kumalizia na Sayansi. Gari likarudishwa, au likachukuliwa; vyovyote. Pandu hakurudi skuli. Alisema mtu aliyefikia pale hawezi tena kushika chaki. Akapewa kazi bandarini ya kupokea mizigo, ambayo si kazi ya haya, na angeweza kuifanya kwa heshima kama asingekuwa kila siku akiwaeleza wapagazi kwamba pale anapita tu.

Mara ya mwisho niliyomuona kwa karibu ilikuwa Darajani, upande wa samaki. Foleni ilikuwa ndefu na changu walikuwa wachache. Aliniona, nikamuona, hakunisalimu wala sikumsalimu. Muuza samaki, kijana mwenye mdomo, alipomuona tu akapiga kelele juu ya vichwa vya watu, "Mzee Atomu, pita mbele bwana, usije ukaturipua." Watu wakacheka, kicheko kile cha watu wanaomcheka mtu asiyejua anachekwa.

Pandu Mcha alinyoosha kola yake, akasogea mbele ya foleni, na akaitika, "Naam."